Sindano ya pepopunda, shogi iliyochanika na punda wa Lamu: najibu barua zenu

Toleo lililopita niligusia kidogo tu ile kliniki ya punda pale Lamu, ile ya shirika la The Donkey Sanctuary, na barua zilizoingia baada ya hapo sikuzitarajia, zimetoka Mombasa, Mwea, mpaka Pemba. Nimechagua sita. Mie si mwajiriwa wao, ni daktari wa mifugo tu wa pwani hii ambaye nimetibu wanyama miaka mingi na kazi yao nimeiona kwa macho, sasa nitasema nnayoyajua. Majina ya mlioandika nimeyaacha kama mlivyoomba.

Assalam aleikum Dokta. Mie kijana wa Langoni, Lamu, nabeba mchanga na mawe kwa punda wawili. Mmoja nimemnunua majuzi tu, ana kidonda mgongoni kikubwa kama kiganja, nampaka oili chafu ya injini kama nilivyofunzwa lakini hakikauki, hii wiki ya tatu. Wenzangu waniambia nimpeleke kwa wale wazungu wa punda lakini nachelea watanipokonya ama wanishtaki. Na je, ni pesa ngapi?

Wa aleikum salaam mwanangu. Naanza na hio hofu yako manake naijua, nimeisikia kwa watu wengi, mtu ana punda anaumwa anamficha ndani ya ukuta siku kumi mpaka kidonda kinatoa funza, kisa anaogopa kusemwa. Hakuna atakaekupokonya punda wako. Matibabu ni bure, na imekua bure tangu kliniki ifunguliwe 1987. Na hao unaowaita wazungu, ukifika pale utawakuta watu wa hapa hapa, wengine pengine mmesoma madrasa moja, wanajua Langoni ni wapi na wanajua mchanga unatoka wapi.

Mwanzo wake kweli ni mama mmoja wa Kiingereza, Elisabeth Svendsen, alianzisha shirika hili kule Devon kusini magharibi ya Uingereza mwaka 1969 na kufariki kwake ni 2011. Alikuja Lamu katikati ya miaka ya 80 akawaona punda wetu walivyo, migongo wazi, mbavu zahesabika, akarudi kwao na haikumtoka moyoni. Kuna kitu kimoja nakiheshimu sana kwenye kazi hii. Angeweza kuja akasema punda wasibebeshwe mizigo basi, na sisi tungemcheka, mji mzima wa mawe vichochoro havipishi hata mkokoteni, simiti itafikaje mtaa wa Mkomani? Kliniki haikusema hivyo. Ilikubali kwamba punda wa Lamu ni mfanyakazi na ana mwenyewe, na huyo mwenyewe ana watoto, kwa hio njia ya kumsaidia punda ni kukaa chini na mwenye punda. Ndo maana hawakungojei tu pale kwenye jengo lao la ufukweni, wanatoka wanazunguka wanatoa dawa ya minyoo, wanapanda boti mpaka visiwa vingine kama Pate, na wanaongea na watu. Miaka mingi wamekua wakifanya na mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri, na nakwambia nimeona mzee mzima anamsugua punda wake kwa brashi na maji ya baridi usiku kucha sababu kesho kuna zawadi, na mwaka unaofuata hata zawadi asipopata bado anamsugua.

Sasa kidonda. Oili chafu acha leo, sio kesho. Ile ni sumu, inaunguza nyama mpya inayojaribu kuota, ndo maana wiki tatu hakifungi. Na tindikali ya betri pia wako wanaoitumia, na majivu ya moto, yote acha. Chemsha maji, yaache yapoe, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, osha taratibu kwa kitambaa safi mara mbili kwa siku, halafu kesho asubuhi kabla ya kazi mpeleke kliniki. Watakiangalia kama kuna nyama iliyooza ya kukatwa, hio usijaribu mwenyewe kwa wembe nakusihi.

Lakini dawa yenyewe ni mapumziko, na najua hapa ndipo unapokunja uso, manake punda akipumzika mfuko nao unapumzika. Una wawili lakini. Huyu mzima usimfanyishe kazi ya wawili ukaja kuniandikia barua nyingine mwezi ujao, punguza safari, ongea na mteja, kodi punda wa jirani siku mbili tatu za wiki. Kidonda kile ukikibebesha mzigo leo unaongeza wiki, ukikibebesha tena unaongeza mwezi, na mwisho unabaki na punda asiyefaa kwa chochote.

Halafu nenda kaitazame shogi yako, ile mikoba ya mizigo unayomtandika punda mgongoni. Igeuze ndani nje, ipapase kwa mkono wako mtupu, sio kwa macho. Nakuapia utakuta mshono uliochanika au fundo la kamba au mchanga ulioganda pale pale palipo na kidonda. Mchanga wetu una chumvi, shogi inalowa, inakauka ngumu kama ubao, inasugua siku nzima. Ifue kwa maji matamu, ianike, na chini yake weka matandiko ya gunia kukuu ama pamba yaliyokunjwa, sio nailoni, nailoni inachoma na haipitishi jasho. Na matandiko yakae mafungu mawili, huku na huku, uti wa mgongo wenyewe usiguswe na kitu, ule mfupa hauna nyama juu yake. Ile kamba inayopita chini ya mkia nayo ivike kitambaa, wengi hawaitazami kabisa na ndiko kunakoanzia vidonda vibaya zaidi.

Mzigo: hesabu inayotajwa sana ni theluthi ya uzito wa punda. Punda wetu wa Lamu ni wadogo, wengi hawazidi sana kilo 150, kwa hio mfuko mmoja wa simiti wa kilo 50 ushafika. Nimeona miwili, nimeona na mtu amekaa juu ya hio miwili, na moyo unaniuma kila nikiona.

La mwisho kwako ni sindano. Kuna ugonjwa wazee wetu waliuita pepopunda na hawakukosea jina, manake punda na farasi wanashikwa na ugonjwa huu kwa wepesi mno. Vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na mavi, vinaingia kwenye kidonda kama hicho chako ama tundu la msumari kwatoni, baada ya siku kadhaa mnyama anakakamaa, masikio yanasimama, taya linafunga hali wala hanywi, miguu kama gogo. Wakati huo mara nyingi tushachelewa. Chanjo ipo, waulize ukifika. Na wewe mwenyewe unaeshinda pekupeku kwenye mavi ya punda na mawe, ulichanjwa lini? Nenda hospitali ya watu ukaulize hilo hilo.

Dokta, mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Majengo, Mombasa. Nilisoma ulivyosifu hospitali ya punda ya bure nikashika kichwa. Mwanangu akiwa na homa napanga foleni tangu alfajiri na dawa naambiwa nikanunue nje. Watu wanakosa, punda wanapata? Hizo pesa si wangewapa binadamu? Usinikasirikie, nauliza kwa uchungu.

Mama sikukasirikii hata chembe, na uchungu wako ni wa haki. Mtoto kukosa dawa ni jambo la kuuma na halina utetezi, na mie sitakaa hapa kulitetea.

Ila nikusimulie. Nikiwa mdogo tulikua na jirani mjane, alikua na punda jike mmoja mweupe na madumu manane ya maji. Alfajiri kisimani, asubuhi nyumba za watu, jioni tena kisimani. Kodi, unga, ada ya shule, nguo za Idi, vyote vilitoka kwenye mgongo wa yule punda. Siku moja punda akaacha kula. Yule mama hakujua amuite nani, hapakua na wa kumuita, daktari wa serikali alikua mbali na alishughulika na ng'ombe. Siku ya nne punda akafa. Mwezi uliofuata mtoto wake mkubwa, rafiki yangu tuliyekaa dawati moja, akaacha shule akaenda kubeba mizigo gatini na hakurudi tena. Alikua ananishinda hesabu huyo. Mpaka leo nikimtibu punda namkumbuka yeye, simkumbuki punda.

Basi ile kliniki unayoiona inatibu punda, mama, tazama na nyuma ya punda kuna nani. Ni huyo mjane. Ni yule kijana wa barua ya juu. Punda hana bima, mwenyewe hana akiba, akianguka punda nyumba nzima inaanguka, na hio homa ya mtoto unayosema inakosa hata nauli ya kufikishwa hospitali. Na pesa zile nyingi ni za watu wa mbali waliozitoa kwa ajili ya punda, lau kliniki ingefungwa kesho zisingehamia kwenye foleni ya mwanao, ningependa zingehamia lakini si hivyo mambo yanavyokwenda.

Na sisi watu wa pwani tuna la kujibu katika hili. Tunasema *afe punda mzigo ufike* kama vile ni maneno ya ushujaa. Tunasema *asante ya punda mateke*. Sijui nani alianza lakini mie nimeshika miguu ya punda maelfu na nakwambia punda anaepiga teke mara nyingi ni punda anaeumwa mahali au alieshapigwa sana, wala sio asie na shukrani. Wewe mama umesikia bila shaka ile hadithi katika Abu Dawud, Mtume (S.A.W.) aliingia bustani ya mtu mmoja katika Answari, ngamia alipomuona akalia machozi, Mtume akampapasa kichwa mpaka akatulia kisha akauliza mwenye ngamia ni nani, akamwambia humchi Mungu kwa mnyama huyu aliokumilikisha, amenishtakia kwamba unamuacha na njaa na unamchosha kwa kazi. Ngamia alikua wa kazi, hakuambiwa asimfanyishe kazi. Aliambiwa asimtese. Ndo hio hio kazi ya kliniki ile, sioni tofauti.

Habari daktari. Niko Mwea, Kirinyaga, huku punda ndio lori letu, mchele wote unabebwa na wao. 2018 niliamka nikapata punda wangu wawili hawako, tukapata mifupa kwa kichaka, ngozi imeenda. Nimeskia AU ilipiga marufuku, wengine wanasema korti ilifungua. Ukweli ni upi? Na hayo mashirika ya punda yanafanya nini kuhusu hii maneno?

Pole sana ndugu. Pole kwa kweli, najua wewe hukupoteza wanyama wawili tu.

Ukweli ni kwamba zote mbili zilitokea. Kule China kuna kitu kinaitwa ejiao, ni gundi inayochemshwa kutoka ngozi ya punda, wanaitumia kama dawa na siku hizi kwenye vipodozi na vyakula. Punda wao wakapungua, wakageukia Afrika. Kuanzia 2016 Kenya tukafungua machinjio, yakafika manne, Mogotio kule Baringo, Naivasha, Machakos na Turkana. Shirika letu la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lilihesabu kwamba kutoka Aprili 2016 mpaka Desemba 2018 machinjio hayo yalichinja punda 301,977. Na hao ni wale waliopita mlangoni, wako wengine kama hao punda wako wawili, wa kichakani, usiku, hawakuandikwa popote. Sensa ya 2009 tulikua na punda kama milioni 1.8, sensa ya 2019 wakabaki kama milioni 1.2.

Sasa punda sio kuku. Jike hubeba mimba mwaka mzima, na anazaa mmoja, na huyo mmoja umsubiri miaka mitatu minne kabla hajabeba kitu. KALRO wenyewe waliona wanachinjwa kwa kasi mara nyingi kuliko wanavyozaliwa. Huhitaji kuwa daktari kuona mwisho wa hesabu hio.

Wenye punda walilia, wakaandamana, na Februari 2020 waziri wa kilimo wakati huo, Peter Munya, akatangaza marufuku. Wenye machinjio wakaenda mahakamani na Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua. Jirani zetu Tanzania nao walikua na machinjio, Shinyanga na Dodoma, wakapiga marufuku 2022, na Desemba mwaka huo huo Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa mkutano wa nchi za Afrika juu ya punda. Halafu Februari 2024 kule Addis Ababa wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi bara zima kwa miaka 15. Hio ndo AU uliyosikia. Lakini kaka, uamuzi wa Addis haushiki mwizi Mwea. Kila nchi inabidi iutie kwenye sheria zake na polisi wake waufuate, kwa hio mbunge wako anapokuja kuomba kura hilo ndo swali la kumuuliza.

Umeuliza mashirika yanafanya nini. Hapa ndo utaona kazi yao haikuishia kwenye kufunga bandeji. The Donkey Sanctuary na wenzao wa Brooke, shirika jingine la kutetea punda na farasi, walikua kati ya waliokusanya hesabu na kuzipeleka mbele ya serikali mwaka baada ya mwaka, mwanzoni watu wakiwashangaa, punda naye ana wakili? Ripoti ya The Donkey Sanctuary ya 2024 ilikadiria kwamba ejiao inakula si chini ya punda milioni 5.9 kwa mwaka dunia nzima. Na nafkiri walielewa mapema kitu ambacho sisi madaktari tulichelewa kukielewa, kwamba unaweza kumtibu punda mgongo, kwato, minyoo, ukamrudisha kwa mwenyewe mzima kabisa, halafu usiku akachunwa.

Kwa upande wako, boma la usiku lenye komeo, zamu za ulinzi na wenzako wa kikundi, alama inayotambulika na picha za punda wako kwenye simu, na ukiibiwa andikisha polisi hata kama utahisi wanakudharau, manake isiyoandikishwa haihesabiki. Kama bado hamna kikundi undeni.

Dokta, Mkomani hapa. Punda wa jirani huachiliwa jioni anazunguka kula takataka na juzi amekufa tumbo limejaa. Tuliambiwa ni plastiki. Si mifuko ilipigwa marufuku?

Ilipigwa, tangu Agosti 2017, na kweli ilisaidia, lakini marufuku ile ilikua ya mifuko tu. Kamba za nailoni, magunia ya plastiki, karatasi za mkate, nepi, hizo zote bado ziko jalalani na punda mwenye njaa hachagui, hasa karatasi ikiwa imebaki na harufu ya chumvi au ganda la embe ndani. Inajikusanya tumboni miezi, inasokotana kama kamba ya nanga, siku moja inaziba. Nimempasua mmoja aliekufa nikatoa bonge nililolibeba kwa mikono miwili. Kliniki wameliona sana tatizo hili, wamefanya na utafiti juu yake, na wakati mwingine mafuta ya kulainisha yanasaidia kama amewahishwa, lakini wengi hawawahi. Kumuachilia jioni ni desturi yetu ya siku nyingi na zamani ilikua sawa, alikua anakula nyasi na maganda. Mji umebadilika. Mwambie jirani ampe majani kabla ya kumfungulia, mwenye shibe hafukui jalala sana, na nyinyi majirani fungeni taka zenu juu.

Shikamoo Dokta. Niko Wete, Pemba. Punda wana hospitali, paka wanapendwa, mbwa je? Huku kwetu mbwa anapigwa mawe na akionekana tu watu wanasema auawe sababu ya kichaa, na wengine wanasema kumchanja mbwa ni kujitia najisi. Wewe wasemaje?

Marahaba mwanangu. Swali hili umeniuliza wewe wa Pemba na mie nafurahi, manake jibu lake liko kwenu huko.

Kichaa cha mbwa kinaua, kikishaonyesha dalili kwa mtu hakuna kurudi, na duniani kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote wameng'atwa na mbwa. Miji mingi imejaribu kuua mbwa, kwa risasi, kwa sumu, na ugonjwa ukabaki palepale, kwasababu ukiua wa mtaa huu wanahamia wa mtaa ule na hao hawajachanjwa. Kinachokata ugonjwa ni chanjo, ukifikia asilimia 70 ya mbwa mara kwa mara virusi vinakosa pa kupita. Pemba ilifanya hivyo. Kampeni za chanjo zikapita mtaa kwa mtaa, 2014 ugonjwa ukakatika, 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, mkachanja tena, na 2018 ukakatika tena. Kisiwa chenu kinatajwa kwenye mikutano ya wataalamu kama mfano, na pengine kijana wa Wete mwenyewe hajaambiwa.

Ama najisi, mie si shekhe, kamuulize shekhe wako habari ya kuosha mikono. Lakini ile hadithi ya mtu alieshuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa aliekua analamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe, umesomeshwa kama nilivyosomeshwa. Alimgusa ama hakumgusa haikutajwa, kimetajwa kiatu na maji.

Na mtu aking'atwa, yeyote, na mbwa yeyote: maji mengi na sabuni dakika 15 nzima ukitazama saa, halafu hospitali siku ileile kwa chanjo. Usiweke pilipili wala mafuta ya taa wala jiwe la nyoka.

Dokta hujambo, mimi niko darasa la sita. Babu yangu ana punda anaitwa Shaba. Mwalimu alisema punda halii akiumia. Je kweli haumii? Nitajuaje kama Shaba anaumwa?

Sijambo mwanangu, na nimefurahi sana na barua yako, nimeisoma mara tatu.

Shaba anaumia kama wewe. Ila wazee wa wazee wake waliishi porini huku huku Afrika upande wa kaskazini mashariki, kwenye jangwa, na huko mnyama akionyesha udhaifu anakuwa chakula cha mwingine. Kwa hio punda amejifunza kunyamaza. Mbwa akiumia utamsikia mpaka nyumba ya tatu, punda anasimama tu kimya na watu wanasema mvumilivu, kumbe ndani kunawaka.

Wewe kazi yako itakua kumjua Shaba akiwa mzima ili umjue akiwa mgonjwa. Asubuhi kabla ya shule muangalie masikio, akiwa mzima yanageuka kukufuata wewe, akiumwa yanalala pembeni au yanabaki nyuma. Angalia kama anaegemea mguu mmoja. Angalia kama amejitenga na wenzake, punda wanapenda rafiki, akijitenga kuna jambo. Mpapase mgongo taratibu kwa kiganja, akitetemeka ngozi mahali au akigeuza kichwa kukuangalia mwambie babu hapo pana kitu kabla ya kumfunga shogi. Mvua ikinyesha mtafutie kibanda, manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi na baridi inamuumiza. Maji ya kunywa yawe safi, punda anajua kukataa maji machafu hata akiwa na kiu.

Na hili moja mwambie babu leo leo akirudi kazini. Punda akiacha kula sio kama mtu aliekosa hamu. Mafuta ya mwili yanaanza kumwagika kwenye damu na ndani ya siku chache yanaharibu ini, yule punda wa jirani yetu niliemtaja juu nadhani alikufa hivyo. Kwa hio siku Shaba atakapoinusa pumba au majani asiguse, msingoje kesho, mpelekeni kwa daktari siku ileile hata kama anasimama wima na anaonekana mzima.